Kukata ukuta kwa ajili ya nyaya: vumbi, mashine na kifua cha fundi

*"Mimi ni fundi umeme, nina miaka 26, nafanya kazi Lubumbashi. Kuna mama mmoja wa Katuba anataka nyaya za nyumba yake zifichwe ukutani. Nyumba ni ya matofali ya kuchoma, imeshapigwa plasta, na watu wanaishi ndani, akiwemo mtoto mwenye pumu. Nina mashine ya diski ya milimita 125. Shefu wangu wa zamani alinifundisha kufunga diski mbili kwa pamoja ili mikato yote miwili ya mfereji itoke mara moja, na nikimaliza ninywe maziwa yaondoe vumbi kifuani. Siku hizi nikikata chumba kimoja tu nakohoa mpaka usiku. Wengine wananiambia ninunue mashine maalumu ya kukata mifereji, wengine nimwagie ukuta maji, wengine nirudi kwenye tindo na nyundo. Nifanye nini? Na je, mapafu yangu nimeshayaharibu?"*

Ndugu yangu, umeuliza kuhusu mashine, lakini naona linalokunyima usingizi ni hilo swali la mwisho. Nitaanza na kifua, kwa sababu ukishaelewa vumbi linafanya nini humo, uamuzi wa mashine utakuwa mwepesi.

Maziwa kwanza. Shefu wako hakuwa na nia mbaya. Kwenye kazi nyingi za vumbi hapa kwetu utamkuta mtu anayeamini hivyo. Lakini maziwa yanakwenda tumboni na vumbi limekwenda kwenye mapafu. Njia hizo mbili zinaachana kooni na hazikutani tena huko chini. Ukiwa na njaa kunywa maziwa, ni chakula kizuri, ila kifua hakitapata habari kwamba umeyanywa.

Kitambaa cha kufunga mdomoni nacho, hata ukikilowesha, hakikusaidii kama unavyodhani. Wala ile barakoa nyepesi ya hospitali iliyobaki tangu wakati wa korona. Hizo hunasa chembe kubwa, zile unazoziona zikikaa kwenye kope. Chembe ndogo hupita katikati ya nyuzi, na nyingi zaidi huingia pembeni, pale ambapo kitambaa hakigusi shavu. Ukivua ukakuta kitambaa kimekuwa chekundu kwa vumbi la tofali, unafurahi kwamba kimefanya kazi. Kimefanya, kwa vumbi ambalo pua yako ingelizuia yenyewe.

Jambo la tatu sijaliona katika barua yako, lakini nalisikia kila siku: "hili ni udongo tu, si mgodi." Matofali yetu ya kuchoma hutokana na udongo, mara nyingi udongo wa vichuguu vikubwa vinavyouzunguka mji huu, na ndani ya udongo huo kuna mchanga. Mchanga ni silika, madini ile ile inayowaua watu mgodini. Mamlaka ya usalama kazini ya Uingereza inakadiria kwamba tofali linaweza kuwa na silika hadi asilimia 30, na zege au saruji ya kuunganishia matofali kati ya asilimia 25 na 70. Kwa hiyo plasta ya mchanga na simenti iliyo juu ya ukuta wa mama yule inaweza kuwa mbaya kuliko tofali lenyewe. (Wenzetu wa Goma wana afadhali kidogo wanapochonga jiwe la volkano: mawe ya Nyiragongo karibu hayana silika ya aina hiyo. Afadhali hiyo inaishia pale diski inapogusa saruji iliyo kati ya jiwe na jiwe.)

Sasa tazama kinachotokea. Chembe kubwa hunaswa puani. Za kati hukwama kwenye ute wa koo na mirija ya hewa, kisha husukumwa juu ukazitema au ukazimeza. Zilizo ndogo kabisa, chini ya mikroni 4 hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), wakati unywele wa kichwa una unene wa mikroni kama 70, hufika mwisho wa safari, kwenye vifuko ambamo damu huchukua hewa. Huko hakuna ute wa kuzisukuma. Kuna seli za ulinzi ambazo kazi yake ni kumeza kila kigeni kinachoingia. Zinaimeza silika, zinashindwa kuisaga, zinakufa, na zinapokufa zinaiachia itoke ili imezwe na nyingine. Kila mzunguko unaacha kovu dogo. Makovu yakijaa, pafu linakuwa gumu na halivuti hewa tena kama zamani. Ugonjwa huo ni silikosisi, na hauna dawa ya kuurudisha nyuma. Unaweza hata kuendelea baada ya mtu kuacha kazi. Kwa kawaida huchukua miaka 10 au zaidi kujitokeza, lakini vumbi likiwa zito sana hujitokeza mapema zaidi. Tena pafu lenye silika hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko pafu zima, na tangu 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka silika ya aina hii katika kundi la vitu vinavyothibitika kuleta saratani kwa binadamu.

Kikohozi chako cha usiku, basi, kinasema nini? Peke yake hakisemi kwamba una silikosisi. Koo na mirija iliyochubuliwa na vumbi hukohoa, na kikohozi cha namna hiyo hupungua ukipumzika siku chache. Lakini usigeuze hoja hiyo: silikosisi huanza kimyakimya, kwa hiyo siku usiyokohoa si ushahidi kwamba uko salama. Kinachothibitishwa na kikohozi chako ni kwamba unavuta vumbi jingi.

Ni jingi kiasi gani? Tuhesabu. Mkato mmoja una upana wa milimita 2.5 hivi. Ukikata miwili, kwa kina cha milimita 30, katika mita moja ya mfereji umesaga sentimita za ujazo 150, yaani karibu robo kilo ya unga. Marekani, sheria ya 2016 inaruhusu mfanyakazi avute kwa wastani wa saa nane silika isiyozidi mikrogramu 50 katika kila mita ya ujazo ya hewa. Chumba cha mita 3 kwa 4, chenye kimo cha mita 2.5, kina mita za ujazo 30. Kwa hiyo miligramu moja na nusu tu ya silika laini ikielea humo inatosha kukifikisha chumba kwenye kikomo. Robo kilo kwa kila mita ya mfereji, dhidi ya miligramu moja na nusu kwa chumba kizima: hata kama sehemu ndogo mno ya unga huo ndiyo laini kiasi cha kuelea, umekipita kikomo kabla mita ya kwanza haijaisha.

Wala vumbi hilo halitui upesi. Chembe ya mikroni 4 hushuka mita mbili na nusu kwa takriban nusu saa kama hewa imetulia. Ya mikroni 1 inahitaji saa kama nane. Wewe unaona wingu limetulia, unavua kitambaa, unaanza kupitisha nyaya huku ukipiga mluzi. Hapo ndipo unapolivuta lile baya. Kufungua dirisha ni vizuri kwa chumba, lakini hakukulindi wewe, kwa sababu pua yako iko nusu mita kutoka kwenye diski.

Ndiyo maana vumbi hukamatwa pale pale linapozaliwa, kwenye ukingo wa diski, kabla halijawa hewa. Diski yako ikizunguka mara 11,000 kwa dakika, ukingo wake unakwenda mita 72 kwa sekunde, karibu kilomita 260 kwa saa. Unga unaotupwa kwa kasi hiyo hauwezi kuukimbiza na kitambaa wala feni. Unauzungushia kofia inayofunika diski yote, kofia yenye mdomo wa bomba, na bomba linakwenda kwenye mashine ya kunyonya vumbi yenye nguvu. Marekani wanataka mashine hiyo ivute walau futi za ujazo 25 za hewa kwa dakika kwa kila inchi ya diski. Kwa diski yako ni kama lita 60 kila sekunde. Mashine za kufagilia zulia nyumbani hazifiki hapo. Mbaya zaidi, mfuko wake hunasa mchanga na kuupuliza unga laini kupitia mgongoni, moja kwa moja chumbani. Ukitafuta ya kununua, tazama herufi iliyoandikwa ubavuni: L hunasa asilimia 99 ya vumbi, M asilimia 99.9, H asilimia 99.995. Kwa ukuta, anzia M.

Na hapa niseme kuhusu diski mbili, kwa ukali kidogo. Acha. Leo. Ekseli ya mashine ile imetengenezwa kwa diski moja. Ukiweka mbili na pete ya chuma (washa) katikati, nati inabaki imeshika nyuzi chache tu. Ili zienee unalazimika kung'oa kinga ya chuma, na najua umeing'oa, kila mtu huing'oa. Kisha katikati ya ukuta mkono unapinda kidogo, diski mbili zinabanwa kwa pamoja ndani ya mkato, na mashine inakurukia. Inarukia shingo au paja. Mfereji wa mkupuo mmoja ni kazi nzuri, lakini una mashine yake.

Mashine hiyo, ile maalumu ya kukata mifereji, ina ekseli ndefu ya diski mbili, upana unaorekebishwa, kipimo cha kina, kofia iliyofunga kabisa na mdomo wa kunyonya. Inakata mistari miwili, halafu katikati unavunja kwa patasi na vipande vinaanguka vizima, ambavyo si vumbi la kuvutwa. Ni chombo kizuri sana. Je, ununue? Kwa nyumba moja ya Katuba, hapana. Fedha utakayoitoa ni ya mashine mbili, kwa sababu bila ya kunyonya haina maana yoyote: ni kiwanda cha vumbi chenye diski mbili badala ya moja. Nunua kama una mkataba wa majengo mfululizo, au ungana na mafundi wawili watatu mnunue seti moja mkaizungusha. Halafu fikiria delestaji (mgao wa umeme), utakapolazimika kutegemea jenereta. Mashine ya kukata ya wati 1,400 na ya kunyonya ya wati 1,200 zikiwashwa pamoja, jenereta ndogo ya kVA 2.5 haiziwezi. Nimeona mtu akitatua hilo kwa kuizima ile ya kunyonya. Heri angezima ya kukata.

Kwako wewe, kwa kazi hii, njia ya kati ipo: kofia ya kunasa vumbi inayofungwa kwenye mashine yako ya diski moja, na mashine ya kunyonya ya kukodi. Hakikisha kofia ni ya kipimo cha mashine yako na haikulazimishi kung'oa kinga bila kuweka nyingine. Tumia diski ya almasi ya kukata kavu. Ile ya kukatia chuma huisha upesi na inaweza kuvunjika. Ingiza diski taratibu mpaka kofia ikae bapa ukutani, ndipo usogee. Nafasi ya kidole kati ya kofia na ukuta inatosha kuruhusu wingu litoke. Sogeza mashine kinyume cha upande ambao diski inataka kujivuta yenyewe, ili unga utupwe kwenye mdomo wa bomba badala ya kubaki kwenye mkato. Na kila baada ya mita chache, zima, kung'uta chujio kama mashine inavyoelekeza. Chujio likiziba, mashine inanguruma vile vile lakini hainyonyi; sikio halitakuambia, tazama tu unga ulioanza kuchungulia pembeni ya kofia.

Hata na hayo yote, vaa barakoa ya kweli: FFP3 (alama ya barakoa za kazi zinazochuja vumbi laini kabisa), au ya mpira yenye vichujio vya P3. FFP2, ya daraja moja chini, ni bora sana kuliko kitambaa, kama ndiyo pekee uliyoipata. Bana kipande cha chuma juu ya pua, funika barakoa kwa viganja, puliza. Ukihisi hewa machoni, haijakaa. Na ndevu, samahani, zinaiharibu. Hewa hupita katikati ya ndevu kama maji kwenye nyasi. Miwani ya kazi na vizibo vya masikio sihitaji kukuhubiria.

Kuhusu maji. Wanaokushauri hivyo wana nusu ya ukweli. Maji huua vumbi vizuri, na misumeno mingi ya kukatia mawe huja na bomba lake la maji. Mashine yako haikujengwa hivyo. Umwagie ukuta maji huku umeshika mashine ya volti 220 yenye matundu ya hewa kwenye mwili wake, katika nyumba ambayo huenda haina hata waya wa ardhi wala disjonkta diferensiale ya miliampea 30 (swichi inayojikata yenyewe umeme ukivuja), na utakuwa umebadilisha ugonjwa wa miaka 10 kwa kifo cha sekunde. Maji yana kazi mahali pengine: ukitumia tindo, na wakati wa kusafisha.

Tindo sasa, ambayo vijana wanaidharau. Tofali letu la kuchoma ni laini. Nyunyiza mstari kwa pampu ya bustani, uache tofali linywe, upige. Vipande vinaanguka vizito, na vumbi linalotoka ni dogo mno ukilinganisha na la diski. Kwa mteremko mfupi wa kutoka darini hadi kwenye swichi, mita moja na nusu hivi, fundi mwenye mkono mzuri anamaliza bila kumsumbua jirani. Tatizo ni plasta: bila mkato safi inabanduka mapana, na masoni (mwashi) atakudai. Hivyo mimi ningefanya hivi katika nyumba ya mama yule: mikato miwili ya kina kifupi, ya kupasua plasta peke yake, kwa diski yenye kofia na ya kunyonya, kisha tofali lote kwa tindo, ukuta ukiwa umelowa na mashine ikiwa imeshatolewa chumbani. Unga unapungua kwa nusu au zaidi, na ukingo unabaki umenyooka.

Lakini kabla ya hata hilo, kata kidogo. Pitisha njia kuu za nyaya juu ya dari na ushuke wima tu kwenye kila swichi na soketi. Hii inasaidia pia ukuta wenyewe. Wajenzi wa Uingereza hufuata kanuni kwamba mfereji wa wima usizidi theluthi ya unene wa ukuta, na wa mlalo usizidi sehemu moja ya sita. Ukuta wa tofali moja wa sentimita 12 unakupa sentimita 4 kwa wima, lakini mbili tu kwa mlalo. Bomba la milimita 20 lenye kifuniko cha plasta halienei hapo. Pima unene wa plasta kwenye tundu la soketi ya zamani, usije ukadhani unakata tofali kumbe bado uko kwenye plasta. Usiguse nguzo wala boriti ya zege juu ya mlango. Ukiona nondo, simama. Zima umeme na upime kabla ya kukata karibu na swichi yoyote iliyopo. Na katika nyumba za zamani za mjini, ukikuta mabamba magumu ya kijivu ya saruji ambayo huenda yana amianti (asbesto), usiyapitishe kwenye diski hata kidogo. Hilo ni vumbi jingine, baya zaidi.

Mueleze mama pia kwamba kuna mfereji wa plastiki unaobandikwa juu ya ukuta, wenye kifuniko. Hauvutii macho ya kila mtu, najua. Watu wetu wanataka ukuta safi. Lakini kwenye chumba cha mtoto mwenye pumu, mimi ningeuweka huo bila kubishana, vumbi sifuri, nao ungekuwa wa bei nafuu kwake. Vyumba vingine ufiche nyaya.

Mtoto huyo asiwepo nyumbani. Si chumba cha jirani: asiwepo, tangu asubuhi ya kukata mpaka kesho yake baada ya kusafisha. Toa magodoro, mapazia na nguo, au zifunike. Ziba mlango kwa turubai la plastiki hadi chini na uweke kitambaa kilicholowa kwenye mwanya wa sakafu. Ukimaliza usifagie, ufagio mkavu unarudisha hewani kila kilichokuwa kimetua. Tumia mashine ya kunyonya, halafu kitambaa cha maji, kuanzia juu ya milango na fremu kushuka chini. Nguo zako za kazi usizikung'ute uani kwake, wala usirudi nazo kwako ukiwa umembeba mtoto.

Gharama ya haya yote iandike kwenye makadirio, mstari wake peke yake, kabla ya kazi kuanza. Mteja akiambiwa mapema kwamba siku ya kwanza ni ya kufunika na ya mwisho ni ya kusafisha, mara nyingi anakubali, hasa mwenye mtoto wa pumu. Akikataa, punguza mita za mfereji, usipunguze barakoa.

Na sasa kifua chako, kwa sababu hapa barua haitoshi. Kama kikohozi kimepita wiki mbili, au unapungua uzito, unatokwa jasho usiku, unatema damu, au unahema kwa kupanda ngazi ambazo mwaka jana hukuzihisi, nenda kituo cha afya wiki hii. Omba kipimo cha kifua kikuu; matibabu yake hapa nchini hutolewa bure kupitia mpango wa taifa. Hata bila dalili hizo, kwa miaka uliyokata bila kinga, picha ya kifua na kipimo cha kupuliza hewa ni fedha isiyopotea, ili ujue leo uko wapi na siku za mbele uwe na cha kulinganisha. Ukifika kwa daktari usiseme tu "nakohoa". Mwambie: nakata matofali na saruji kwa mashine ya diski, ndani ya vyumba, tangu mwaka fulani, bila barakoa. Daktari asiyeambiwa kazi yako atakupa dawa ya mafua, na hatakuwa amekosea kwa alichokisikia. Kama unavuta sigara, mwambie na hilo.